Dhahabu kwenye mizani ya molekuli

Msikilizaji, dhahabu inayotumika kwenye mashine za kupima uzito wa molekuli si ya vidani. Hadithi yake inaanzia Kyoto, Japani, mwaka 1985. Koichi Tanaka, mhandisi wa kampuni ya Shimadzu mwenye shahada ya kwanza tu, alichanganya kimakosa gliserini na unga laini wa kobalti. Unga ulikuwa ghali, akaona asiutupe. Akaupiga leza, molekuli alizokuwa akizipima zikaruka nzima zikiwa na chaji, na baadaye hata protini. Nobeli ikamfikia 2002.

Dhahabu hufanya kazi hiyo pia: chembe zake hunyonya mwanga, hupata moto ghafla, huirusha sampuli. Tena ina isotopu moja tu thabiti, 197, hivyo alama zake husawazisha mashine yenyewe. Gharama? Kiasi kinachotumika, sonara hakioni.