Kabla ya Tingatinga Kufika

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wananchi, Kachibora



Nimeombwa nizungumzie majengo ya zamani: lipi libomolewe, lipi libaki. Najua swali hili lina uchungu. Mfanyabiashara anataka soko lenye paa lisilovuja. Mzee naye anauliza: nyumba ya mlowezi aliyetunyang'anya ardhi, tuitunze ya nini?

Nitajibu kwa mfano wa majirani zetu. Desemba 1952, Jomo Kenyatta na wenzake watano walifunguliwa kesi Kapenguria, katika jengo la shule. Hapakuwa na hoteli, kwa hivyo mawakili wao walilala Kitale na kusafiri kila siku. Baada ya uhuru, tungeweza kubomoa seli walimofungiwa kwa hasira. Hazikubomolewa, leo ni makumbusho. Nilipoingia humo nikiwa mwanafunzi, nilielewa kwa dakika tano yale ambayo kitabu kilishindwa kunieleza. Jengo la mkandamizaji limekuwa shahidi wetu.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, ikabeba mahindi ya mashamba makubwa. Maghala na nyumba za enzi hizo zilijengwa kwa jasho la babu zetu, kwa ujira mdogo. Tukizifuta zote, jina la mlowezi litabaki vitabuni, lakini jasho la babu halitakuwa na ushahidi.

Sisemi kila ukuta mkongwe ni urithi. Jengo lenye nyufa, linaloweza kuwaangukia watoto, liondolewe. Uhai kwanza.

Sheria inasemaje? Katiba ya 2010 imeipa serikali ya kitaifa majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, na kaunti ikapewa makumbusho na shughuli za utamaduni za hapa. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006, jengo likitangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali linalindwa. Ambalo halijatangazwa halina ulinzi huo. Linabaki mikononi mwa mwenyewe, wapangaji wa mji, na ninyi mtakaojitokeza kusema.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, pigeni picha na muandike majina ya waliojenga, wazee wangali nasi. Pili, kikao cha ushirikishwaji wa umma kikitangazwa, njooni. Msisubiri tingatinga iwashe injini. Tatu, ulizeni maswali mawili: je, jengo linaweza kukarabatiwa liwe maktaba au ofisi? Na wauzaji waliomo watahamishiwa wapi, kwa muda gani?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta mpya tunaweza kuujenga. Shahidi akishabomolewa, hatujengi mwingine.