Ndege Tuliyemwandika Bila Kumwona

Tunatoka Baba Dogo, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, mahali penye viwanda, magari ya mizigo na nyumba zilizobanana. Asubuhi ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya ndege. Si ndege zitokazo Embakasi, bali hawa wenye manyoya. Na juu ya kosa tulilolifanya tulipokwenda kuwahesabu.

Huenda mtu akauliza, "Baba Dogo kuna ndege gani, isipokuwa kunguru?" Sisi wenyewe tuliuliza vivyo hivyo. Jambo hili lilipotangazwa kanisani kwetu, wengine walicheka waziwazi, na mzee mmoja akasema kwamba kazi ya kutazama ndege ni ya wazungu na ya watu walioshiba.

Kazi yenyewe ni hii. Tangu mwaka 2013 iko Ramani ya Ndege wa Kenya, inayotengenezwa kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa, chama cha Nature Kenya, A Rocha Kenya, lile shirika la Kikristo la kutunza viumbe lenye kituo chake Watamu, na wengine. Nchi yote imegawanywa katika miraba, kila mraba yapata kilomita 9 kwa 9. Mtu ye yote aliyejifunza kuwatambua ndege aweza kuchagua mraba, akatembea humo kwa muda usiopungua saa mbili, akaandika kila aina aliyoiona au kuisikia. Hapana mshahara. Sasa fikirini: mraba mmoja waweza kuchukua msitu wenye miti mikubwa pamoja na mitaa ya mabati. Watazamaji wakienda msituni tu, ramani itasema habari za msitu, na mitaa yetu itanyamaza kana kwamba Mungu hakuumba kitu huku.

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani watu wa kujitolea wamehesabu ndege wakati wa Krismasi tangu mwaka 1900. Hapa Nairobi, mama Fleur Ng'weno alianza mwaka 1971 matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, na vijana wengi walijifunza katika matembezi hayo. Kila Januari wako wanaohesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa, na hata katika mabwawa ya maji machafu ya Dandora, ambayo ndege hawayadharau kama tuyadharauvyo sisi.

Faida yake ni nini? Mwaka 2022 wataalamu walitoa habari ya kuhuzunisha. Walichukua hesabu za tai, mwewe na tumbusi zilizofanywa barabarani hapa Kenya kati ya 1970 na 1977, wakazilinganisha na hesabu za miaka ya 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22, aina 19 zilikuwa zimepungua. Moja ya sababu ni sumu ambayo watu huitia katika mizoga ili kuwaua simba na fisi. Tumbusi huja kula, nao hufa kwa makumi. Lakini angalieni: jambo hili lilijulikana kwa kuwa watu wa miaka ile ya 1970 waliandika walichokiona, bila kuzidisha wala kupunguza. Kama wangaliipamba hesabu yao, sisi leo tungejuaje?

Basi, tulitoka Jumamosi moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulikuwa watu tisa: vijana watano, akina mama watatu, na yule mzee aliyesema kazi hii ni ya walioshiba. Darubini ilikuwa moja, ya kuazima. Tulipita kando ya kuta za viwanda, na kunguru tukawaandika wa kwanza, kama ilivyotazamiwa. Lakini juu ya ua wa seng'enge shore alikuwa akiimba. Katika mti wenye maua, mbele ya lango la kiwanda, chozi mdogo alikuwa akinyonya asali, anang'aa kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Mama mmoja alisimama pale muda mrefu. Akatuambia, "Nimepita hapa kwenda kazini miaka kumi na moja. Sikuwahi kuinua macho."

Tukateremka kupita Korogocho hata Mto Nairobi, na ng'ambo yake tukaliona jalala la Dandora. Hao marabu, makorongo wakubwa wenye upara, walikuwa wamejipanga juu ya takataka kama wazee wa baraza. Maji ya mto yalikuwa meusi, yana povu. Hata hivyo yangeyange walitembea ukingoni, na fundichuma alisimama juu ya gurudumu bovu la gari. Saa tatu ilipofika tulikuwa na aina 23.

Hapo ndipo majaribu yalipotupata. Kijana mmoja akasema, "Ishirini na tatu tu! Waliokwenda msitu wa Karura watatucheka." Dakika hiyo hiyo ndege mkubwa akapita juu ya mto, mbali, jua likiwa machoni petu. Mmoja akapaza sauti, "Furukombe!" Mwingine akasema kwamba amekiona kichwa cheupe. Tukashangilia, tukaandika furukombe, ishirini na nne, na orodha ikapelekwa kwa simu.

Juma lililofuata tuliulizwa, kwa upole sana, habari za furukombe. Je, alikuwa ametua au akiruka? Nani alimwona? Tulikutana baada ya maombi ya Jumatano ili tujibu. Yule mzee akauliza, "Nani kati yetu alikiona kichwa cheupe kwa macho yake mwenyewe?" Kimya. Kila mmoja alikuwa ameyategemea macho ya mwenzake. Aliyesema amekiona akainama, akasema huenda alikuwa mwewe tu, hawa wa kila siku wanaonyakua nyama sokoni.

Kijana mwingine akasema, "Tumwache. Ndege mmoja katika karatasi atamdhuru nani?" Twakiri kwamba wengi wetu tulikuwa upande wake, kwa maana aibu ni nzito. Ndipo mama yule wa chozi akajibu. "Furukombe anakula nini? Samaki. Tukimwandika, tumeuambia ulimwengu kwamba mto wetu una samaki. Na yule anayemwaga maji machafu ya kiwanda usiku atasema, tazameni, mto ni mzima, hata furukombe yuko."

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Amri inayotukataza kumshuhudia jirani uongo twaifundisha watoto wa shule ya Jumapili, lakini hatukudhani kwamba mto nao ni jirani, na kwamba twaweza kuutolea ushahidi wa uongo kwa jina la ndege mmoja mzuri. Bwana Yesu alipotaja mashomoro waliouzwa kwa bei ya kutupa, alisema hakuna hata mmoja aliyesahauliwa mbele za Mungu. Sisi tulimwonea haya mwewe wetu kwa sababu ni wa kawaida, tukampa jina la mwingine.

Usiku ule tuliandika kwamba hatukumwona furukombe, afutwe. Tukajibiwa kwa maneno machache: asanteni, nendeni tena.

Tunakwenda sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Safari ya pili tulipata aina 21, ya tatu 26. Yule kijana aliyetaka tunyamaze ndiye mwandishi wetu, na mtu akitaja ndege kwa haraka yeye huuliza, "Umemwona au umemtamani?" Mto bado ni mweusi.

Mwezi uliopita mdiria alitua juu ya waya wa umeme, karibu na daraja. Darubini ilipita mkono kwa mkono, watu tisa, naye akatungojea. Mama mmoja akanong'ona kwamba labda samaki wamerudi. Mzee akamkumbusha kwamba wako mdiria wanaokula panzi. Tukaandika mdiria, mmoja, juu ya waya.