BWANA ATAONA: IMANI, MAJARIBU NA SADAKA

Mahubiri yaliyotolewa katika Ibada Kuu ya Jubilei ya Miaka Mia Moja ya Usharika
Neno Kuu: Mwanzo 22:1–19



Kamati ya Jubilei ilinipa kuhubiri juu ya jinsi Mungu anavyowaruzuku watu wake. Ingekuwa rahisi kusoma habari za mana jangwani, au za mjane wa Sarepta ambaye unga wake haukupunguka. Nimechagua neno gumu zaidi, kwa sababu usharika wenye umri wa miaka mia moja ni mtu mzima. Tena Maandiko yanatuambia kwamba Ibrahimu alikuwa na umri wa miaka hiyo hiyo mia moja alipozaliwa Isaka. Alipofika umri huo ndipo alipopewa mtoto, na baada ya kupewa mtoto ndipo lilipokuja jaribu lililo kubwa kuliko yote.

1. Jaribu la Ibrahimu

Mungu alimwagiza Ibrahimu amchukue mwanawe, aende naye nchi ya Moria, akamtoe sadaka ya kuteketezwa. Ibrahimu aliamka alfajiri, akatandika punda, akapasua kuni, akasafiri siku tatu. Zitafakarini siku hizo tatu. Ni rahisi kutii kwa ghafula, wakati moyo bado una joto. Ni vigumu kutii siku ya pili, na ya tatu, mtoto akitembea ubavuni pako akikuuliza maswali.

Isaka hakuwa mtoto tu wa kupendwa. Alikuwa ndiye ahadi yenyewe, maana kwa huyo Mungu alisema atampa Ibrahimu uzao. Kwa hiyo amri ile ilionekana kupigana na ahadi, na zote mbili zilitoka kinywani mwa Mungu mmoja. Ibrahimu hakuweza kuzipatanisha. Alilolijua ni kwamba aliyeahidi ni mwaminifu; ndiyo maana aliwaambia watumishi wake kwamba yeye na kijana wangekwenda kuabudu na kurejea. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anatufafanulia kwamba Ibrahimu alihesabu kuwa Mungu aweza kufufua hata katika wafu.

Yakobo anatufundisha kwamba Mungu hamshawishi mtu kutenda uovu. Shetani hutushawishi ili tuanguke. Mungu huijaribu imani yetu kama fundi ajaribuvyo daraja alilolijenga mwenyewe: hulipitishia mzigo ili ijulikane kwamba linabeba.

2. Mungu aonaye

Isaka aliuliza: moto upo, kuni zipo, mwana-kondoo yu wapi? Baba yake alijibu kwamba Mungu mwenyewe angejipatia. Na baada ya kondoo dume kuonekana amenaswa pembe zake kichakani, Ibrahimu alipaita mahali pale Yehova-yire. Katika Kiebrania neno hilo latokana na kitenzi cha kuona. Bwana ataona. Tunalitafsiri kuwa atapata au atatoa, na si kosa, maana kwa mzazi mwema kuona njaa ya mtoto na kuinjika chungu ni jambo moja. Hivyo ndivyo alivyofundisha Dakta Martin Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoieleza Ibara ya Kwanza ya Imani: mavazi na viatu, chakula, nyumba na shamba, vyote vyatoka kwa Baba, pasipo sisi kustahili.

Angalieni pia kile ambacho Mungu alikikataa. Malaika aliuzuia mkono wa Ibrahimu. Mataifa ya jirani yalitoa watoto wao kuwa kafara, na manabii walilaani jambo hilo. Katika nchi yetu tumeona aibu ya ndugu zetu wenye ualbino kuuawa na watu waliodanganywa kwamba damu ya mwanadamu huleta utajiri. Kanisa na liseme bila kigugumizi: Mungu wa Ibrahimu hauzi baraka kwa damu ya mtoto wa mtu. Palipotakiwa sadaka ya mwana, alimtoa Mwana wake mwenyewe.

3. Moria katika historia yetu

Wazee wetu walipita Moria yao. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1896, vijana wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru walipokwenda kuanzisha kazi huko. Hapakuonekana kondoo kichakani siku ile. Na bado mbegu ile haikupotea. Leo Meru ni dayosisi kamili, inayotuma wachungaji na kujenga shule.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walifukuzwa nchini. Wengi walidhani Ukristo ungefungasha mizigo pamoja nao. Lakini walimu wenyeji, ambao elimu yao ilikuwa ndogo na mshahara wao mdogo zaidi, waliendelea kufundisha wakatekumeni, kuzika wafu na kukusanya watu siku ya Bwana, hata ndugu wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walipofika kusaidia. Usharika wetu ni mtoto wa kizazi hicho. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, jaribu lilirudi, wamisionari wakakamatwa tena, na Kanisa likasimama tena. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri, chini ya uongozi wa Askofu Stefano Moshi, yalikuwa makanisa yaliyokwisha kujifunza kwamba mtumishi aweza kuondolewa, lakini Bwana wa mavuno haondoki.

4. Wale ambao hawakumwona kondoo

Ndugu zangu, nimekuwa mchungaji kwa miaka mingi, nami najua kwamba wamo humu ndani waliopanda mlima na mtoto wakashuka peke yao. Mama aliyefunga na kuomba, na bado jeneza likatoka nyumbani. Mzee ambaye kahawa yake ilianguka bei mwaka ule ule aliohitaji ada. Sitawaambia kwamba imani yenu ilikuwa haba. Anayewaambia hivyo anaongeza kuni juu ya migongo iliyokwisha kulemewa.

Ninachowaambia ni hiki: mlima wa Moria, ambapo Sulemani alijenga hekalu, uko Yerusalemu, na nje ya mji huo huo alisulubiwa Mwana ambaye hakuna sauti iliyomwokoa na kifo. Paulo ajenga hoja yake juu ya hilo katika Warumi 8: asiyemwachilia Mwana wake asiteseke, hatatunyima yaliyobaki. Hatujaahidiwa kuonyeshwa kondoo kwa wakati tuutakao. Tumeahidiwa Mungu aliyefika kaburini kabla yetu, na aliyelifungua kutoka ndani.

5. Sadaka ya karne ya pili

Siku hizi wapo wahubiri wanaofundisha kwamba sadaka ni mbegu ya kuvunia fedha mara mia. Ibrahimu hakupanda mlima kufanya biashara. Tazameni mnada wetu baada ya ibada: bibi kizee aleta mayai manne na mkungu wa ndizi, akarudi nyumbani bila kudai chochote, kwa sababu alikwisha kupokea kabla ya kutoa. Nyumba hii imejengwa kwa mikono ya namna hiyo. Akina mama walibeba mawe na mchanga vichwani, na majina ya wengi wao hayamo katika kitabu hiki.

Je, karne ya pili itatutaka nini? Itatutaka watoto wetu. Mzazi Mkristo hufurahi mwanawe akiwa daktari au mhandisi, na ni vema. Lakini anapotaka kuwa mwinjilisti, nyumba hunyamaza kama msibani. Itatutaka nafasi mezani kwa yatima, mjane na mwenye ulemavu. Itatutaka kukabidhi uongozi kwa vijana tungali hai. Hao ndio Isaka wetu. Aliyewaona wazee wetu mwaka 1920, bila fedha na bila wamisionari, angali anaona.

Na tuombe. Ee Bwana uonaye, tunakushukuru kwa miaka mia ya uaminifu wako. Wafariji walioshuka mlimani peke yao. Tufundishe kutoa bila kufanya biashara nawe, na kutii hata siku ya tatu. Kwa Yesu Kristo, Mwana-kondoo wako. Amina.