UKOMO WA FYUZI
(Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama wanachama)

Kila mwaka vitabu vya chama hukaguliwa: daftari la fedha, leja, hesabu ya bidhaa ghalani, hata stakabadhi zilizoharibika. Lakini sanduku la swichi kuu lililo ukutani, nyuma ya meza ya karani, halifunguliwi na mkaguzi yeyote mpaka siku linapotoa moshi. Siku hiyo daftari, leja na ghala huondoka pamoja.

Umeme unaotumika Temeke na Kinondoni hutoka mbali. Kituo cha Kidatu, katika Mto Ruaha Mkuu, kilianza kazi mwaka 1975, na nguvu yake kamili ni megawati 204. Kutoka huko mpaka kituo cha kupozea umeme cha Ubungo ni kilometa 300 hivi, na nyaya za njia hiyo zina volti 220,000. Mwanachama aweza kuuliza sababu ya kupandisha volti kiasi hicho, kisha kuzishusha mpaka 230 mlangoni pa nyumba. Sababu ni joto. Waya upitishao mkondo hupata moto, na moto huo haukui sawasawa na mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne, ukiwa mara tatu, joto huwa mara tisa. Umeme ule ule ukisukumwa kwa volti nyingi huhitaji mkondo mdogo, hivyo haupotei bure njiani. Ndiyo maana bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, lilijengewa njia ya volti 400,000 mpaka Chalinze.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iunguzayo dari za Tandika na Manzese.

Ichukuliwe nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Mwenye nyumba alipoingiza umeme alikusudia taa tu, akafungiwa nyaya nyembamba na fyuzi ya ampea 5, yaani wati 1,150. Baadaye wapangaji wakaja na pasi zao, mmoja akaja na jiko. Na kwa kuwa vyumba havina soketi, waya zikaungwa kwenye vishikio vya balbu. Pasi mbili za wati 1,000 na jiko la wati 1,450 zikitumika pamoja, jumla ni ampea 15. Fyuzi hukatika. Imetimiza kazi yake, lakini nyumba nzima hunung'unika gizani, mpaka mmoja apande juu ya kiti, asokote nyuzi za shaba alizozichuna katika waya mkuukuu, azifunge mahali pa fyuzi. Taa zikawaka, na fundi huyo akasifiwa. Kumbe waya uliolala juu ya dari, kati ya mbao na vumbi, sasa unabeba mkondo mara tatu ya ule ulioruhusiwa, kwa joto mara tisa, na hakuna tena cha kuukatiza.

Wanaushirika wanapaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wengine, maana kila chama kina ukomo wake wa madeni. Anayenenepesha fyuzi ni sawa na katibu afutaye tarakimu ya ukomo na kuandika nyingine kwa kalamu yake mwenyewe. Deni halikupungua, limehamia mahali pasipoonekana.

Fyuzi hulinda nyumba, lakini haimlindi mtu. Mkondo mdogo kuliko ule wa balbu ya wati 40 waweza kuua, na fyuzi ya ampea 5 haitautambua. Kinga iliyo ya kwanza kwa mtu ni waya wa ardhini. Katika karakana ya useremala, kama zile za Keko, au penye mashine ya kusaga, waya huo ukikatika mashine huendelea kunguruma kama kawaida, na hakuna ajuaye mpaka hitilafu itokee na mtu aguse chuma akiwa miguu mitupu. Tena mchanga wa Dar es Salaam ukikauka hupitisha umeme kwa shida. Fimbo iliyochomekwa kijuujuu wakati wa masika yaweza isifae kitu wakati wa kiangazi. Ipimwe kwa kifaa, isitazamwe kwa macho.

Husemwa kwamba fundi mwenye leseni ya EWURA ni ghali na kishoka ni rahisi. Ni kweli, kwa siku ile ya malipo. Lakini kishoka haachi jina wala karatasi, na halmashauri iliyomwita haitakuwa na la kuwaeleza wanachama ghala likiungua.

Basi kila chama kifungue daftari moja dogo. Humo iandikwe tarehe ya kufunga nyaya, jina la fundi na namba ya leseni yake, ukubwa wa kila fyuzi, na kipimo cha waya wa ardhini. Fyuzi za akiba za ukubwa huo huo ziwekwe ndani ya sanduku, na ufunguo akae nao meneja. Mkaguzi ajapo, daftari hilo liwe mezani pamoja na leja.