Hewa ya Msitu na Mizani ya Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mbekenyera)



Habari imeenea kwamba siku hizi msitu hulipiwa ukiwa umesimama. Habari hiyo ni ya kweli, lakini imepokewa kwa namna mbili zisizofaa. Wako wanaodhani ni ulaghai mtupu, na wako wanaosubiri fedha kama wasubirivyo malipo ya mnada wa ufuta.

Bidhaa yenyewe ni hii. Mti hunyonya hewa ukaa na kuiweka katika shina, matawi na mizizi. Ukikatwa na kuchomwa, hewa hiyo hurudi angani na kuzidi kuipasha dunia joto. Kampuni ya ng'ambo isiyoweza kuondoa moshi wake wote hulipa ili hewa ya kiasi kama hicho ibaki msituni. Kipimo cha biashara ni tani moja. Hata hivyo kijiji hakilipwi kwa kila mti ulio katika ardhi yake, na hapo ndipo wengi hupotea. Hulipwa kwa tofauti, yaani kwa msitu ambao ungalifyekwa na haukufyekwa.

Je, mfyekaji ni nani? Katika Ruangwa na Nachingwea jibu haliko mbali. Shamba jipya la ufuta hufunguliwa msituni kwa shoka na moto, likalimwa misimu michache, kisha likaachwa magugu yanapozidi. Ufuta huo huo ndio unaopita katika ghala la chama na kukipatia ushuru wake. Kwa hiyo chama cha msingi si mtazamaji katika jambo hili. Mkulima akikatazwa kufungua shamba jipya, naye hajaonyeshwa namna ya kuvuna zaidi katika shamba la zamani, ametwishwa gharama ya msitu peke yake. Hatakubali, wala hastahili lawama.

Majirani wa Wilaya ya Lindi walikwisha kujaribu. Kati ya mwaka 2009 na 2014, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, likishirikiana na MJUMITA, liliendesha mradi huko na Kilosa kwa fedha za Serikali ya Norway. Vijiji vilitenga misitu na kutunga sheria ndogo, na wanakijiji wakapewa malipo ya majaribio, mtu mmoja mmoja. Lakini fedha zile zilitoka kwa mfadhili, si kwa mnunuzi. Na bei ya hewa ukaa duniani ilikuwa imeanguka vibaya kabla mradi haujakwisha. Kwingineko soko limelipa: vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimejenga zahanati na madarasa kwa mapato ya misitu ya Ntakata. Ikumbukwe tu kwamba misitu ile ni zaidi ya hekta 200,000. Kijiji chenye msitu mdogo kisipige hesabu zake kwa mfano huo.

Muuzaji kwa sheria ni kijiji, kupitia Mkutano Mkuu wake, si chama cha ushirika. Katibu asitie sahihi mahali pasipo pake. Mchango wake ni mwingine, nao ni mkubwa: amezoea mizani, stakabadhi na makato. Gunia la ufuta likipunjwa kilo 2, mwenyewe hulalamika papo hapo. Hewa haipandi mizani, bali hukadiriwa kwa kupima mashina, kisha wakaguzi hupitia hesabu. Hivyo basi, kijiji kinapoletewa mkataba, katibu awasaidie wenzake kuuliza: mradi umesajiliwa chini ya kanuni za mwaka 2022? Bei inapangwa kwa shilingi au kwa dola? Mwendeshaji anakata kiasi gani, na anakata kabla au baada ya kijiji kupata sehemu yake? Moto ukiunguza msitu, hasara ni ya nani? Mikataba hii huwa ya miaka 20 au 30, na wengi watakaoitumikia bado wako shule ya msingi.

Msimu ujao wa ufuta kila chama kinaweza kuanza na kazi isiyo na gharama. Karani wa ghala, akiandika kilo za mwanachama, aongeze neno moja pembeni: shamba la zamani, au shamba jipya. Jumla ya hesabu hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa chama, pamoja na hesabu ya mapato.