Ushahidi wa Kuta: Mhadhara wa Umma Juu ya Ukaguzi wa Nyumba Kabla na Baada ya Ujenzi wa Jirani



Tangu chama cha TANU kilipoazimia mwaka 1973 kuuhamishia Dodoma mji mkuu wa nchi, na hasa tangu azma hiyo ilipotiwa nguvu mpya mwaka 2016, ardhi ya mji huu haijapata kutulia. Misingi imechimbwa, majabali yamepasuliwa, reli ya kisasa, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika Dodoma mwezi wa Julai mwaka 2024, imepita hapa Mkonze, na mji umezungushiwa barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3. Hizi ni neema, wala sikuja kuzitia ila. Nimekuja kunena juu ya nyumba iliyokuwapo kabla yake, na juu ya mwenyewe, ambaye siku moja huona ufa ukutani, akamwendea mkandarasi, naye akamjibu kwamba ufa ule ni wa zamani.

Ni yupi mkweli? Yamkini wote wawili wasema kwa nia safi, maana ardhi yetu yenyewe ni mpasuaji mkongwe wa nyumba. Mvua hunyesha msimu mmoja, aghalabu Desemba hadi Aprili. Na penye udongo mweusi wa mbuga, udongo ule hufura unyweapo maji, kisha kiangazi ukasinyaa, ukiinyanyua na kuishusha misingi isiyokwenda chini vya kutosha. Matetemeko nayo si mageni katika nchi hii ya Bonde la Ufa. Ongeza tofali lisiloiva, lipu yenye mchanga mwingi kuliko saruji, na dirisha lisilo na linta, nawe utaona kwamba nyufa hazikungoja mradi wowote. Lakini ni kweli vilevile kwamba rola ya kushindilia barabara, na baruti ipasuayo matale, hupeleka mtikisiko ardhini hadi kwenye misingi ya watu. Wajerumani, katika kanuni yao iitwayo DIN 4150, wameuwekea mtikisiko wa mapigo ya polepole kikomo cha milimita 5 kwa sekunde kwenye msingi wa nyumba ya kuishi, na milimita 3 kwa majengo ya kale yaliyo dhaifu. Nyumba ya tofali za udongo isiyo na mkanda wa zege, kwa rai yangu, haistahiki kuhesabiwa pamoja na zile imara.

Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 yamtaka mwenye kudai ndiye athibitishe. Ni kanuni ya insafu, maadamu bayana ipatikane. Ama bayana isipokusanywa kwa wakati wake, kanuni hiyohiyo humwacha mjane mwenye vyumba viwili akishindana mikono mitupu na kampuni yenye wahandisi na mawakili.

Bayana hiyo ni ukaguzi wa kabla. Mkaguzi huingia chumba kwa chumba, akatazama dari, kuta, sakafu, na fremu za milango, kisha akazunguka nje hadi kwenye karo la choo na ukuta wa ua. Kila ufa akaupiga picha pamoja na rula iliyowekwa kando yake, akaandika upana, urefu na mwelekeo wake. Mwelekeo una maneno mengi: ufa wa mshazari utokao pembeni mwa dirisha aghalabu hushuhudia msingi uliozama, ilhali nyufa nyembamba zilizotapakaa kama ramani juu ya lipu hushuhudia tu lipu iliyokauka upesi. Mwisho wenye nyumba, mkandarasi na mwenyekiti wa mtaa hutia saini, na nakala moja hubaki kwa mwenye nyumba. Hili la nakala nalishikilia kwa nguvu zote, kwani ripoti iliyofungiwa katika ofisi ya mkandarasi ni ushahidi wa upande mmoja. Kazi ikiisha, mkaguzi hurudi na karatasi zilezile, akalinganisha.

Nchini Uingereza, chini ya sheria yao ya kuta za ubia ya mwaka 1996, wapima majengo wamefanya ada kuandika hivyo hali ya nyumba ya jirani. Gharama, kwa haki, ni ya mwenye mradi, kwa kuwa ndiye auletaye mtikisiko. Nao ukaguzi humkinga yeye pia na madai ya nyufa asizozisababisha.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa Jiji na taasisi za ujenzi waliandike sharti hili ndani ya kila mkataba wa kazi ya baruti au ya kushindilia ardhi karibu na makazi. Na ninyi wenye nyumba, msingoje mkataba: kabla rola haijafika, mwiteni mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, mkapige kwa simu picha za kila ukuta, mziandike tarehe, na mziweke pamoja na hati zenu za kiwanja.