Malisho Yasiyo na Hati

Katika maongezi ya leo tumekusudia kueleza habari za watu waliokaa na mifugo yao juu ya nchi ya malisho pasipo hati, na mambo yaliyowapata. Ni habari za miaka mingi, walakini zatuhusu sisi sote, mwenye ng'ombe mia na asiye na ndama mmoja.

Yatupasa kwanza kujua asili ya shida yenyewe. Shamba hujulikana kwa alama ya jembe: apitaye huona mihogo au mtama, akatambua kwamba pana mwenyewe. Malisho hayana alama hiyo. Ng'ombe hula hapa wakati wa mvua, kiangazi hupelekwa penye maji, na nyasi huachwa ziote tena. Mgeni akipita siku hizo huona nyika tupu, naye husema, "Nchi hii haina mtu." Neno hilo limewaponza wafugaji wengi.

Watazameni jirani zetu wa Kenya, unakotoka mto wetu wa Mara. Mwaka 1904 Wamasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, pande za Naivasha, ili nchi ile wapewe Wazungu. Sehemu yao walipelekwa Laikipia, wakaahidiwa kwamba nchi waliyopewa itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 ukafanywa mkataba mwingine, nao wakatakiwa kuhama tena kwenda kusini. Walipeleka mashtaka mahakamani, na mwaka 1913 wakashindwa. Mahakama ilisema kwamba mikataba ile ni kama mapatano baina ya dola na dola, wala haina uwezo wa kuiamua.

Basi Wazungu walipata nchi kubwa, ila hawakuwa na watu wa kuifanyia kazi. Kwa sababu hiyo waliwakaribisha Waafrika, hasa Wakikuyu, waje pamoja na jamaa zao na mifugo yao, walime na kuchunga, na badala yake wamfanyie kazi mwenye shamba. Watu hao waliitwa maskwota. Wengi walidhani wamepata kwao. Walijenga, wakazaa, mifugo ikaongezeka. Lakini sheria ya mwaka 1918 iliwahesabu kuwa watumishi, si wapangaji, ikawataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka. Tangu miaka ya 1920 mifugo yao ilianza kuondolewa kwa nguvu. Jambo hilo wenyewe waliliita "kifagio", kwa jinsi mazizi yalivyofagiliwa. Sheria ya mwaka 1937 ikawapa Wazungu wa wilaya uwezo wa kuwapunguzia mifugo na kuzidisha siku za kazi mpaka 270. Uchungu huo ulikuwa mmoja katika mizizi ya Mau Mau, hata mwaka 1952 hali ya hatari ikatangazwa.

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya Kenya." Ni kweli kwamba Tanganyika ilikuwa na sheria nyingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilisema kwamba nchi yote ni ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Na mwaka 1928 ikaongezwa kwamba wenyeji waitumiao kwa desturi zao wana haki, ijapokuwa hawana hati. Hata hivyo, mwaka 1951 Wameru wapata 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki ili mahali pao pawe pa Wazungu kufugia ng'ombe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akawasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Walimsikiliza, lakini Wameru hawakurudishiwa nchi yao wakati ule.

Mwaka 1958 Serikali ilileta shauri kwamba ardhi imilikiwe kabisa na mtu mmoja mmoja, kama mali ya kuuzwa. Mwana wa Butiama, Julius Nyerere, aliandika kijitabu, Mali ya Taifa, kulipinga. Alihofu kwamba wachache wenye fedha wataishika nchi, na walio wengi watakuwa wapangaji juu ya ardhi ya baba zao. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umilikaji wa namna ile ulikomeshwa.

Leo tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hiyo yasema kwamba haki ya kimila ina nguvu sawa na ile itolewayo na Serikali. Tena kijiji chaweza kutenga ardhi ya matumizi ya wote, malisho yakiwamo, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ndipo ilipo kazi yetu. Kwetu upande mmoja ni Ziwa, na upande mwingine ni Hifadhi ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951. Hakuna nyika nyingine ya kuhamia. Naye aingiaye malishoni si mgeni wa mbali. Ni jirani aongezaye matuta mawili mwaka huu na matatu mwaka ujao, mpaka njia ya ng'ombe kwenda majini inazibwa, nasi twashikana fimbo. Jirani huyo pia hudhulumu watoto wake, kwa kuwa atawaachia mahali wasipoweza kupatetea, kama maskwota wale.

Basi mkutano wa kijiji utakapoitwa, wazee na vijana, wanawake na wanaume, tuhudhurie. Tuionyeshe mipaka ya malisho na njia za mifugo kwa miguu yetu, tuitie alama, kisha tuhakikishe kwamba imeandikwa katika kumbukumbu za kijiji. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.